Upasuaji wa koo kwa plazima: mwongozo kwa mzazi wa Mwanza, tangu rufaa hadi siku ya 14

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupokea watoto wanaotoka thieta ya masikio, pua na koo. Nawalaza ubavu, nasikiliza pumzi zao, nangoja wazinduke waanze kumlilia mama. Sasa nipo nyumbani Nyamanoro, lakini simu haijakoma. Ila swali limebadilika. Zamani mzazi aliuliza, "Sista, wanamkata kwa kisu au wanamchoma?" Siku hizi anauliza, "Sista, nasikia kuna mashine ya plazima, haiumi na haitoi damu. Nihangaike niitafute?"

Mashine ni nzuri. Hayo maneno ya "haitoi damu" ndiyo yenye shida, na ndiyo yaliyompandisha mama mmoja kwenye bajaji saa nane usiku, beseni mapajani, mtoto kamwegemea. Nitafika kwake. Kwanza twende hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao ningempa mdogo wangu kama mgonjwa angekuwa mwanawe.

Hatua ya 1: Elewa hiyo plazima ni nini

Wengi wakisikia plazima wanafikiria ile ya damu, inayohifadhiwa benki ya damu. Siyo hiyo. Hapa plazima ni hewa au mvuke uliopigwa na nguvu ya umeme mpaka chembe zake zikabeba chaji, kama inavyotokea kwenye radi zinazopiga juu ya ziwa usiku wa masika. Hii ya hospitali ni ndogo mno, imefungiwa kwenye ncha ya kijiti.

Kijiti chenyewe ni kama kalamu ndefu iliyopindwa shingo. Ndani yake mna mirija miwili: mmoja unadondosha maji ya chumvi, yaleyale ya dripu, mwingine unanyonya maji pamoja na nyama iliyoyeyuka. Kwenye ncha kuna vinyaya vya umeme. Daktari akikanyaga pedeli, umeme wa masafa ya redio unapita kati ya vinyaya hivyo ndani ya maji ya chumvi, na utando mwembamba unawaka rangi ya manjano inayoelekea chungwa. Rangi hiyo inatokana na sodiamu iliyomo kwenye chumvi, ni ileile ya taa za zamani za barabarani. Chembe zenye chaji ndizo zinazoivunjavunja nyama. Pedeli zipo mbili, ya njano inakata, ya bluu inaziba mishipa ya damu.

Faida yake iko kwenye joto. Mashine ya kawaida ya kuchoma inaweza kupandisha joto pale inapogusa hadi kupita nyuzi 400. Plazima inafanya kazi kwenye nyuzi 40 hadi 70 hivi. Chai unayomimina asubuhi kutoka kwenye chupa huenda ina moto kuliko hiyo. Kwa hiyo nyama ya jirani inaungua kidogo. Njia hii ilianzia kwenye viungo, hasa magoti, miaka ya 1990, ndipo ikahamia kooni.

Hatua ya 2: Hakikisha koo linahitaji kukatwa

Hapa ndipo ninapogombana na wazazi. "Tonsesi zake kubwa" peke yake si sababu ya upasuaji. Watoto wengi wa miaka 4 hadi 8 wana tonsesi kubwa na wanakula, wanalala, wanakua. Milango ya kuingilia thieta kwa kawaida ni miwili.

Wa kwanza ni maambukizi yanayorudi. Kipimo kinachotumiwa sana ni mara 7 ndani ya mwaka 1, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na kila mara iwe imeonwa na mtaalamu ikaandikwa: homa, usaha kwenye tonsesi, tezi za shingo zimevimba. Mafua na kikohozi cha wiki mbili havihesabiki. Ndiyo maana nasema usitupe daftari la zahanati, hata likiisha kurasa. Daktari bingwa haamini kumbukumbu ya mzazi aliyechoka, na ana haki.

Wa pili ni kuziba kwa hewa usingizini, na huu ndio mzito zaidi. Mtoto anakoroma kama mzee, analala kakunja shingo nyuma, mdomo wazi, anakojoa kitandani alipokuwa ameshaacha, darasani anasinzia au hatulii. Kabla hujaenda kliniki fanya kitu kimoja kisicho na gharama: mrekodi kwa simu. Mfunue kifua, washa taa, rekodi dakika mbili tatu kuelekea alfajiri, wakati hali huwa mbaya zaidi. Kinachotafutwa ni kifua kubonyea ndani huku tumbo likipanda, kisha ukimya wa sekunde kadhaa, kisha mtoto kushtuka na kuvuta hewa kwa pupa. Nimeona daktari akitazama video ya namna hiyo na kumpandisha mtoto kwenye orodha palepale.

Sasa kimeo. Huku Kanda ya Ziwa mtoto akikohoa mwezi mzima, bibi atasema kimeo kimeshuka, kakatwe. Nimewapokea waliotoka kukatwa kwa wembe wakiwa wanavuja damu, wengine wakiwa na homa ya maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Na sasa wamekuja wazazi wanaotaka "kimeo kikatwe kisasa kwa plazima". Kimeo hakileti kikohozi, kikatwe kwa wembe au kwa mashine ya mamilioni. Kikohozi kisichoisha kinatafutiwa sababu yake: pumu, kifua kikuu, nimonia, au punje ya karanga aliyopaliwa nayo mtoto ikakaa kwenye njia ya hewa.

Kama mtoto alishakatwa kimeo huko nyuma, mwambie daktari kabla ya siku ya upasuaji, bila aibu. Kovu linabadilisha umbo la kaakaa. Na mtoto mwenye kaakaa fupi akitolewa zote zile nyama za puani (adenoidi, zinazoota nyuma ya pua), maji anayokunywa yanaweza kuanza kutokea puani na sauti ikawa ya king'ong'o. Daktari akijua mapema anabakiza sehemu.

Hatua ya 3: Jua inatumika wapi, na wapi isitumike

Tonsesi na nyama za puani ndiyo kazi yake kubwa. Kwenye tonsesi kuna namna mbili: kuitoa yote pamoja na ganda lake, au kuiyeyusha tonsesi na kubakiza tabaka jembamba linalofunika misuli ya koo. Hii ya pili inaumiza kidogo na inavuja damu kidogo, kwa sababu misuli haikuguswa, lakini kuna watoto ambao tonsesi huota tena. Kwa mtoto anayeziba pumzi, madaktari wengi wanaipenda.

Kwa watu wazima inatumika kupunguza mzizi wa ulimi au kukaza kaakaa laini kwa wanaokoroma na kukatika pumzi, kwa kawaida baada ya kujaribu kupunguza uzito na mashine ya kupuliza hewa usiku. Inatumika pia kuondoa vifuko vya majimaji vinavyoota kwenye mzizi wa ulimi karibu na kifuniko cha njia ya hewa.

Halafu kuna papiloma, vinyama kama chunjua vinavyoota kwenye nyuzi za sauti kwa sababu ya virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Mtoto sauti inakwaruza wiki hadi wiki, watu wanasema amelia sana, baadaye anaanza kutoa mlio akivuta hewa. Mtoto wa sauti ya kukwaruza zaidi ya wiki tatu aonwe na mtaalamu wa koo, na akiwa na mlio wa kuvuta hewa asingoje hata siku moja. Plazima inavisafisha vinyama vizuri, lakini virusi vinabaki, kwa hiyo vinarudi na mtoto anarudi thieta. Hatari iko pale mbele nyuzi mbili zinapokutana: zikichunwa zote mbili siku moja zinaweza kugandana, na kovu hilo ni gumu kulirekebisha. Daktari akikuambia atasafisha upande mmoja leo na mwingine baadaye, usidhani anavuta muda.

Isitumike kuyeyusha uvimbe ambao haujajulikana ni nini. Nyama iliyoyeyushwa imeingia kwenye mpira wa kunyonya, maabara haitapata cha kupima. Mtu mzima mwenye tonsesi moja iliyokua kuliko mwenzake, au kidonda kooni kisichopona, kwanza apate kipande kizima kiende kupimwa. Hili nimeshuhudia likisahaulika, na kumrudia mgonjwa baada ya miezi kumwambia "hatuna sampuli" ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Hatua ya 4: Uliza maswali kabla ya kutia saini

Fomu ya ridhaa siyo risiti. Kabla hujaisaini, muulize daktari amefanya upasuaji wa plazima mara ngapi, si upasuaji wa tonsesi kwa jumla. Kijiti hiki kina mkono wake. Anayekuja kutoka kwenye kisu anahitaji kujifunza upya, na mwanzoni ndipo damu inapozidi. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilisisitiza jambo hilo mwaka 2005: daktari apate mafunzo maalumu kwanza.

Hawakusema hivyo kwa kubahatisha. Ukaguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland ya Kaskazini wa 2003 na 2004, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 33,000, ulionyesha kuwa njia za umeme, plazima ikiwemo, zilivuja damu baada ya upasuaji zaidi ya kisu na uzi. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 29: maumivu ya siku ya kwanza yalikuwa pungufu kidogo kwa plazima, tofauti ndogo ambayo mgonjwa huenda asiihisi, na damu ya siku za baadaye ilikuwa kama 5 kwa 100 dhidi ya chini ya 4 kwa 100 kwa njia nyingine. Wenyewe walisema ushahidi ni dhaifu. Mimi nasoma hivi: ni kifaa kizuri kwenye mkono uliokizoea.

Swali la pili, kijiti ni kipya? Vijiti hivi vimetengenezwa kutumika mara moja. Bei yake ni kubwa, na kwenye nchi zetu kishawishi cha kukiosha na kukitumia tena ni kikubwa vilevile. Mrija wa kunyonya una tundu jembamba lisilosafishika, na vinyaya vikichakaa nguvu inapungua, daktari anakandamiza muda mrefu, joto linapanda, na ile faida ya nyuzi 70 unaipoteza. Uliza kwa heshima: "Daktari, kijiti kitafunguliwa leo?" Daktari mwenye kipya hachukii swali hilo.

Uliza pia kama bima yako inalipia kijiti au ni upasuaji tu, maana hapa watu wengi wameumbuka kwenye dirisha la malipo. Na uliza mashine ikigoma katikati watafanyaje. Jibu linalotakiwa ni fupi: kisu, uzi na mashine ya kuchoma viko mezani.

Na kama hospitali uliyopelekwa haina mashine? Usimrudishe nyumbani mtoto anayekatika pumzi usiku ukisema unasubiri plazima au unajichanga umpeleke mbali. Tonsesi iliyotolewa vizuri kwa kisu na kufungwa kwa uzi imeponya watoto kabla mimi sijazaliwa.

Hatua ya 5: Panga pa kulala kwa wiki mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu mimi ina uzito kuliko aina ya mashine. Damu ya hatari haitoki siku ya upasuaji peke yake. Inakuja pia siku ya 5 hadi ya 10, wakati mtoto yuko nyumbani na kila mtu ameshatulia.

Mtu wa Pasiansi au Mabatini anaweza kufika hospitali ya Sekou Toure au kupanda kilima cha hospitali ya Bugando muda mfupi hata usiku. Mtu wa Sengerema siku hizi ana nafuu: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, hakuna tena kungoja kivuko huku mtoto anatema damu. Lakini wa Nansio, kisiwani Ukerewe, yuko saa tatu majini na meli ina ratiba yake, na wa Ukara au Kome yuko mbali zaidi. Kama unatoka visiwani, tafuta ndugu mjini, umlipie hata kodi ya chumba, mkae mpaka siku ya 14. Ikishindikana kabisa, angalau siku ya 10. Andika kwenye karatasi namba ya bajaji au ya jirani mwenye gari anayepokea simu usiku, uibandike ukutani. Simu yako isipungue chaji wala salio wiki hizo mbili.

Hatua ya 6: Mwandae mtoto

Selimundu (sikoseli) kwanza. Kanda yetu ina watoto wengi wenye selimundu, na ndio hao hao ambao tonsesi na nyama za puani huwakua sana. Kama mtoto hajawahi kupimwa na kwenye ukoo kuna mwenye nayo, omba kipimo. Mwenye selimundu anafanyiwa upasuaji, lakini kwa maandalizi yake: huenda akaongezewa damu kabla, haruhusiwi kukaukiwa maji wala kupigwa baridi, na anakaa wodini muda mrefu zaidi. Ukificha ukidhani watakataa kumpasua, unamtia hatarini.

Mwambie daktari kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuvuja damu kupita kiasi, hata kwa kung'olewa jino au kutahiriwa. Taja dawa zote, na za kienyeji pia. Aspirini isitumike wiki nzima kabla. Mtu mzima mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akitaje. Jino linalolegea liseme, lisije likadondokea kwenye njia ya hewa. Mtoto akiamka na homa au kifua kimebana, piga simu uahirishe. Kuahirisha wiki mbili tatu ni bora kuliko nusu kaputi kwenye mapafu yenye mafua.

Kufunga: chakula na maziwa ya kopo saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2, isipokuwa wamekupa maelekezo tofauti. Uji ni chakula. Nalirudia kwa sababu kila mwezi kulikuwa na bibi aliyesema "nimempa uji mwepesi tu", na orodha ikasogezwa.

Hatua ya 7: Ndani ya thieta

Mtoto analazwa usingizi kamili na kuwekewa mpira wa kupumulia. Kazi huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Maji ya chumvi yanayotiririka yanapunguza hatari ya moto kooni, ambayo kwenye mashine ya kuchoma ikikutana na oksijeni nyingi si hadithi, na mtaalamu wa usingizi anapunguza oksijeni wakati huo. Ajali ndogo ninayoijua zaidi ni mdomo kuungua pale shina la kijiti linapoegemea pembeni. Anaweza kutapika damu nyeusi iliyoganda mara moja akizinduka. Ni ile aliyoimeza. Akitapika mara ya pili, au ikiwa nyekundu mbichi, mwite muuguzi palepale.

Hatua ya 8: Nyumbani, dawa na chakula

Maumivu hayapungui moja kwa moja. Siku ya 1 na ya 2 mtoto anaweza kucheza, ukafurahi, kisha siku ya 3 hadi ya 6 akakataa hata mate. Sikio litauma pia, ingawa halijaguswa, kwa sababu mshipa wa fahamu wa koo na wa sikio ni ndugu. Ukichungulia kooni utaona utando mweupe wenye manjano pale tonsesi zilipokuwa, na mdomo utanuka. Huo ni utando wa kuponya, siyo usaha. Usiukwangue, usiupake chochote. Baba mmoja aliupangusa kwa pamba yenye spiriti. Nilishindwa hata kumgombeza.

Mpe parasetamoli kwa saa, usingoje alie. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 240. Kama chupa imeandikwa 120 kwenye mililita 5, hiyo ni mililita 10. Soma chupa yako maana nguvu zinatofautiana, na upime kwa sirinji, si kwa kijiko cha jikoni. Ibuprofeni mpe tu kama daktari wako ameiandika. Aspirini hapana. Kodeini kwa mtoto hapana kabisa: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa watoto waliotolewa tonsesi, kwa sababu miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini haraka mno wakaacha kupumua. Soma lebo ya dawa ya kikohozi pia.

Chakula. Anayemeza anapona, anayekataa kumeza koo linakakamaa na kukauka. Mwamshe anywe kidogo kidogo, hata kwa kijiko. Uji wa ulezi uliopoa, mtori, viazi vitamu vilivyopondwa na maziwa, parachichi, maji baridi. Barafu za vijiti zinasaidia sana, ila si za ubuyu. Ni chachu, zitamchoma, na ni nyekundu: usiku akitema huwezi kujua ni ubuyu au ni damu. Kwa sababu hiyohiyo acha rozela na soda nyekundu.

Wiki hizo mbili usimpe michembe, bisi, karanga, mihogo ya kukaanga, dagaa waliokaushwa, pilipili na ndimu. Samaki ni mtihani kwa watu wa ziwa. Sangara mnofu, ukiuchambua kwa vidole na kuuponda kwenye mchuzi, ni sawa kuanzia siku ya 3 au ya 4 akiweza. Sato mwache, vijimiba vyake vinajificha. Mtoto akae mbali na moshi wa jiko, asiogelee, asipigane mieleka na wenzake, shule arudi baada ya siku 10 hadi 14.

Hatua ya 9: Ukiona damu

Yule mama wa bajaji alikuwa ameambiwa na mtu wa dirishani, siyo daktari, kwamba njia hii haivuji. Jioni ya siku ya 6 aliona doa kwenye foronya, dogo kama sarafu. Akageuza mto. Saa mbili baadaye mtoto aliyelala alianza kumezameza mate, koromeo linapanda na kushuka, naye akadhani anaota anakula. Saa nane usiku akatapika beseni la damu nyeusi yenye mabonge na nyekundu juu yake. Walifika, akarudishwa thieta, akaongezewa damu, akapona. Leo ni msichana wa sekondari. Lakini doa lilikuwa onyo la kwanza na kumezameza lilikuwa la pili.

Utando mweupe unapobanduka, siku ya 5 hadi ya 10, mshipa wa chini yake unaweza kubaki wazi. Matone machache mara nyingi hukoma yenyewe, lakini mara nyingine ndiyo yanayotangulia damu nyingi. Kwa hiyo damu yoyote nyekundu kutoka mdomoni au puani ni safari ya hospitali yenye thieta, saa hiyohiyo, hata ikiwa imekoma.

Mkalishe ameinamia mbele, ateme kwenye beseni, asimeze. Usimlaze chali. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji usingizi tena. Usimsokomezee kitu kooni. Beba karatasi za hospitali na hilo beseni, ili waone kiasi. Njiani piga simu kwa ndugu wawili watatu wanaoweza kuchangia damu. Ukipita kituo cha afya kilicho karibu, wamwekee dripu tu na safari iendelee. Usikubali kulazwa pasipo thieta mpaka asubuhi.

Nenda vilevile kama hajanywa kitu siku nzima, hajakojoa kwa saa 12, homa imepita nyuzi 38.5, au anapumua kwa shida. Kwa mwenye selimundu usingoje hata nusu ya hayo.

Hatua ya 10: Kurudi kliniki

Rudi tarehe uliyopewa hata kama amepona. Sauti ya puani na maji kurudi puani kwa siku chache ni kawaida baada ya kutolewa nyama za puani, lakini vikivuka wiki sita mwambie daktari. Aliyekuwa anakatika pumzi mrekodi tena usiku baada ya mwezi na nusu, ulinganishe na ile video ya kwanza. Kama kifua bado kinabonyea, kazi haijaisha. Na kama kuna nyama iliyopelekwa maabara, andika namba ya sampuli siku ileile ya upasuaji na ukayafuate majibu mwenyewe wiki ya tatu. Usingoje kupigiwa simu.